Kibali cha Kupiga Yowe

Kurugenzi ya Kutopotea Nyikani ina furaha kuutangazia umma kwamba, tangu ianzishwe miaka minne iliyopita, hajapotea mtu hata mmoja. Nasema haya nikiwa Katibu Mwandamizi, na takwimu nazitunza mwenyewe kwenye kabati lenye kufuli mbili.

Siri ya mafanikio yetu ni utaratibu. Aliyepotea hufika mwenyewe ofisini, dirisha namba mbili, akajaza fomu. Fomu ikikamilika hupewa Cheti cha Kupatikana, na bila cheti hicho hahesabiwi kuwa amerudi. Miaka minne nimekaa dirishani, hajatokea hata mmoja. Wenye wivu wanasema eti watu wanapotea ila hawafiki. Sasa kama hawafiki, sisi tutajuaje?

Kilichobaki kutusumbua ni kelele. Huko nyikani watu wana mazoea ya ajabu: mtu akikwama hupiga yowe, anayesikia huitikia na kuja mbio. Hakuna barua, hakuna faili. Mkurugenzi wetu, mtu wa fikra nzito na tumbo la kulingana nazo, akatoa Waraka wa Mayowe. Yowe lipigwe kwa kibali tu. Anayesikia yowe lisilo na kibali asiitikie. Maombi yaletwe siku saba kabla ya dharura.

Mwombaji wa kwanza, na wa mwisho, alikuwa mfugaji mmoja tunayemwita Mama Mbuzi. Alikuja mara tatu kwa miguu.

"Mwanangu," aliniambia, "mume wangu alitumbukia korongoni akavunjika mguu. Nikapiga yowe, majirani wakamtoa. Nyinyi mkaniletea barua ya onyo. Sasa anachechemea. Akianguka tena nifanyeje?"

"Mama, fomu yako ina kasoro. Hujajaza saa atakayoanguka."

"Kwani anayeanguka hupanga saa?"

"Ndiyo maana tunawahimiza mpange."

Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyenasa kichwa kwenye sufuria, akaenda zake.

Basi ikafika siku ya kuzindua kibao chetu kikubwa chenye neno moja: USIPOTEE. Tulikuwa tumekisimika nyuma ya vilima viwili, pasipopita mtu, ili kisiharibiwe. Gari lililotubeba mimi na Mkurugenzi likakoma barabara ilipokoma. Dereva akashusha dumu la maji.

"Bosi, jua hili halina mchezo. Bebeni maji. Halafu niambieni mnarudi saa ngapi, nisipowaona niwafuate."

"Wewe ni wa usukani," Mkurugenzi akamjibu. "Mambo ya usalama tuachie wenyewe."

Mikono yangu ilijaa: nakala arobaini za hotuba, mhuri, kikasha cha wino na Mwongozo wa Usalama Nyikani, kurasa mia mbili. Maji hayakupata nafasi.

Tulishika njia ya mkato aliyoibuni Mkurugenzi palepale. Baada ya saa moja tukapita mwamba mwekundu. Baada ya saa nyingine tukapita mwingine, pacha wake. Wa tatu ulikuwa na nakala ya hotuba niliyoidondosha kwenye ule wa kwanza.

"Mheshimiwa, nadhani tume..."

"Usilitamke! Litaingia kwenye takwimu."

Nikafungua Mwongozo. Dibaji ya Mkurugenzi. Picha za Mkurugenzi. Ramani iliondolewa, maana ni siri ya ofisi. Ukurasa wa mwisho ulishauri: "Ukihisi umepotea, fika ofisini haraka."

Ulimi ukanikauka kama soli ya kiatu. Niseme ukweli, niliogopa. Nilimkumbuka mke wangu, kisha nikakumbuka kwamba funguo za kabati ninazo mimi. Mkurugenzi akavua tai, akavua koti, akaketi vumbini, akaachia yowe ambalo sijapata kulisikia katika utumishi wa umma.

"Uwiii! Jamani, tunakufa huku!"

Kengele za mbuzi zikalia. Mama Mbuzi akatokea na dumu lake la maji, akakaa hatua kumi kutoka kwetu, akatugeuzia mgongo.

"Mama! Tusaidie!"

Akamgeukia mbuzi mweupe. "Nasikia kama sauti ya mtu. Ila kibali sijakiona."

"Mama, ni mimi, Mkurugenzi!"

"Waraka unasema tusiitikie," akamwambia mbuzi. "Haukusema isipokuwa Mkurugenzi. Sisi ni raia wema, au sio?"

Mbuzi akakubali. Mama akafungua dumu, akanywa taratibu, akampa na mbuzi.

Nikachomoa mhuri. Wino ulikuwa umekauka. Nikataka kuutemea mate, mate nayo yalikwisha. Mkurugenzi akaninyang'anya nakala ya hotuba na kalamu, akaandika upande wa nyuma wa karatasi, kisha akasoma kwa sauti ya kulia: "Waraka wa Mayowe umefutwa kuanzia sasa hivi. Kila mtu apige yowe atakavyo, na kila anayesikia aitikie."

"Na saini?" Mama akamuuliza mbuzi.

Akatia saini. Mama akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kifuani.

"Ala, kumbe ni nyinyi!" akasema. "Karibuni maji, wanangu."

Kisha akasimama juu ya mwamba na kutumia haki yake mpya: "Mkurugenzi wa Kutopotea alipoteaaa! Nimempataaa!" Kilima cha pili kikaitikia, cha tatu kikapokea. Mama alipotufikisha garini, dereva alikuwa ameshacheka hadi anashika mbavu. Wiki ile ile mume wa Mama Mbuzi aliteleza tena, na watu sita wakafika kabla vumbi halijatulia. Nilifurahi sana, ingawa si rasmi.

Asubuhi iliyofuata siku ya kupotea kwetu, mlinzi wa lango alimzuia Mkurugenzi. Habari zilishafika, na yowe lilimtaja yeye tu, si mimi. Bila Cheti cha Kupatikana hakuna kuingia. Akaja dirisha namba mbili, aliyepotea wa kwanza katika miaka minne, nikampa fomu kwa heshima zote. Alijaza vizuri mpaka alipofika "Saa uliyopanga kupotea".

"Kwani anayepotea hupanga saa?" akafoka.

Nikamrudishia kwa kuwa ina kasoro. Leo ameileta mara ya tatu. Kwa mujibu wa utaratibu wake mwenyewe, bado yuko nyikani, na kiti chake nakikalia mimi kwa muda, ili nacho kisipotee.