Masomo Kumi na Moja ya Odilia

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimefungua shule. Mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja, na meza ya Mama ya kusukumia chapati, ambayo ni yetu kuanzia saa tatu asubuhi hadi wateja wa mchana watakapoanza kuingia.

Mwanafunzi ni mdogo wangu Odilia, miaka kumi na minane. Akiwa Kidato cha Tatu aligongwa na bodaboda, mguu ukavunjika mahali pawili. Mwaka mzima na ushee kitandani na kwenye magongo. Alipopona, wenzake walikuwa wameshamaliza. Akarudi shuleni siku moja tu. Watoto aliowaacha Kidato cha Kwanza walimwita shangazi. Jioni akakunja sare, akasema afadhali chapati. Chapati tunawauzia madereva wa malori hapa Mikumi, kando ya barabara kuu.

Mwalimu ni mimi, Yusta. Shahada ya elimu, na miaka miwili ya kusubiri ajira.

Mpango ni huu. Odilia atafanya mtihani wa Kidato cha Nne Novemba hii kama mtahiniwa wa kujitegemea, akisomea nyumbani. Kituo cha Kilosa kinafunga kupokea majina Ijumaa ya tarehe 28. Fomu inataka orodha ya masomo. Wengi huandika saba. Nimempangia kumi na moja.

Nimemweleza Baba wakati anatia jembe mpini. Akasema yeye hana ugomvi na elimu, wasiwasi wake ni mimi. Mwaka juzi nilifuga sungura kitaalamu, sungura wako wapi? (Hifadhini, nadhani.) Kisha akatoa sharti. Ijumaa ya tarehe 21 atakuja kukaa darasani mwenyewe. Akiona shule, atampeleka Odilia Kilosa kusajiliwa. Akiona mchezo, basi mwakani.

Nyumbani kwetu mwakani tunaijua. Choo kipya nacho kilikuwa cha mwakani.

Jumanne, 11 Februari

Mtaala umekamilika. Kurasa kumi na nne. Fizikia, Kemia, Kilimo, Fasihi ya Kiingereza, vyote vimo. Nimeupiga mistari kwa kalamu tatu. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi.

Odilia ameusoma wote, polepole, kisha akauliza kwa adabu kama kulala kumepangiwa siku gani. Nikamwonyesha mapumziko: dakika kumi, kila baada ya saa mbili. Akauliza ni somo gani humo ambalo amelichagua yeye. Nikamjibu kwamba mtaala si mgahawa, haulizwi mteja. Akasema mgahawani angalau mtu anaulizwa kama ana njaa.

Nikamuuliza basi, anataka nini. Akasema Biolojia na Jiografia kwa wingi. Anataka siku moja awapeleke wageni hifadhini, awaonyeshe ndege na kuwaambia majina yao. Nimeyaandika hayo pembeni, kwa penseli.

Alhamisi, 13 Februari

Biolojia kwa vitendo. Kasisi alikuwa anakuja kula mchana, Mama akachinja kuku, mimi nikaona maabara. Tulimpasua kitaalamu na kumchomeka vijiti vya meno vyenye vikaratasi: moyo, ini, figo, bandama. Firigisi tuliipasua katikati kuona changarawe. Firigisi katika nyumba hii ni ya Baba tangu kabla sijazaliwa. Hilo nililikumbuka baadaye.

Vijiti tuliviondoa vyote isipokuwa kimoja. Kasisi alikikuta kwenye mchuzi. Kimeandikwa figo. Odilia akaona ni vyema kumweleza kazi ya figo, tangu mwanzo hadi kibofu, bila kukosea hata neno. Kasisi akashukuru, akasema ameshiba.

Baba alikula firigisi yake ikiwa vipande viwili. Mama ametufukuza jikoni mpaka Pasaka.

Lakini hata neno moja hakukosea! Huyu msichana atafaulu.

Jumamosi, 15 Februari

Herman amekuja. Tulisoma naye chuo kimoja. Sasa ana tuisheni nyuma ya mashine ya kusaga, wanafunzi arobaini, ubao wa kweli na spika. Alimwamkia Baba kwa mikono miwili, akakaribishwa chai. Mimi ananiita Madam, na sipendi anavyolitamka.

Alitazama orodha yangu ukutani, akamwambia Baba kwamba hayo si masomo, huko ni kumtwika punda mmoja mizigo ya soko zima. Akaongeza kwamba mtihani haupendi maarifa, unapenda majibu. Baba akacheka. Nimeishi na Baba miaka ishirini na sita, sijawahi kumchekesha kwa kukusudia.

Herman akasema nafasi ya Odilia kwake ipo hata kesho. Odilia akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Hao wanafunzi arobaini ndio walewale wa shangazi.

Nimepata wazo. Odilia atakwenda kumpeleleza. Atakaa nje, chini ya dirisha, Herman akifundisha Hisabati. Tujue udhaifu wake.

Jumatatu, 17 Februari

Upelelezi umekwenda vibaya. Odilia amerudi anaijua logi za Hisabati. Mimi nimemfundisha logi siku nne. Nikadai kujua Herman anatumia ujanja gani. Akafikiri, akasema anaeleza kidogo, halafu ananyamaza, anamwacha mtu ajaribu.

Nimejaribu kunyamaza. Si rahisi. Nilifika dakika tatu, Mama akachungulia dirishani kuuliza nani anaumwa.

Jumatano, 19 Februari

Maandalizi ya ujio wa Baba. Nimeamua kwamba tatizo letu si masomo, ni sura ya shule. Kwa hiyo: ubao (mlango wa zamani uliopakwa masizi), rejesta yenye jina moja, na kengele. Dereva mmoja alituachia rimu kuukuu ya gari, nikaitundika, nikaigonga kwa nondo saa tatu kamili.

Hapa kwetu chuma kikigongwa namna hiyo maana yake tembo wameingia shambani. Zilikuja familia tano. Watu wenye madebe, mwingine na pilipili ya kuchoma. Nikawaeleza kwamba ni kipindi cha Uraia. Mzee mmoja akasema mimi ni mtoto wa Melkizedek kweli kweli, ila hakufafanua.

Kengele imefutwa. Tumefanya mazoezi ya kuingia. Mimi naingia, Odilia anasimama, ananiamkia, naitikia, anaketi. Mara ishirini, mpaka imekuwa kama kupumua.

Ijumaa, 21 Februari

Niandike tu.

Baba alikuja saa tatu kasoro, amevaa koti la kanisani. Akaketi kwenye benchi kando ya Odilia, kofia magotini. Mama alisimama mlangoni na mti wake wa kusukumia chapati. Nikaingia na rejesta kifuani.

Odilia akasimama.

Sasa, Baba alisoma shule ya misheni, huko milimani, miaka ambayo mwalimu akiingia asiyesimama alikuwa halali ya fimbo. Alisoma mpaka darasa la saba. Sijui kilipita nini kichwani mwake. Nilichoona ni kwamba naye alisimama. Mgongo wima, mikono nyuma. Na wote wawili, kwa sauti moja, wakasema shikamoo mwalimu.

Na mimi nikaitikia.

Nikasema marahaba. Nikasema kaeni.

Wakakaa.

Mti wa Mama ulianguka na kubingirika hadi chini ya meza, hakuna aliyeuokota. Baba alitazama kofia yake kwa muda. Kisha akaivaa, akatoka, akaenda shambani na koti lake la kanisani.

Mama akanigeukia. Alisema tangu azaliwe hajapata kuona mtoto anayepokea shikamoo ya baba yake mzazi. Akasema marahaba tungeweza kuifunika, tungesema ni ulimi. Lakini kaeni! Umemkalisha chini baba yako, Yusta, kama mtoto wa chekechea.

Zimebaki siku saba majina yafungwe. Odilia hakunilaumu. Alichukua ndoo ya unga, akaanza kukanda. Afadhali angenilaumu.

Jumamosi, 22 Februari

Baba hasemi na mimi. Anatuma salamu kupitia Odilia, nikiwa palepale. Mwambie mwalimu wako asogeze chumvi. Nikaisogeza. Mwambie ahsante.

Mama amemwita baba mdogo Yared kutoka Zombo, amefika kwa pikipiki na vumbi lake. Alisikiliza kesi yote akiwa ameuma mdomo. Katikati aliomba udhuru, akaenda nyuma ya banda la mbuzi, tukasikia kitu kama kikohozi kirefu. Aliporudi uso ulikuwa wa hakimu. Hukumu: jogoo, na radhi kwa magoti, mbele ya nyumba nzima, kesho baada ya ibada.

Habari imeshatembea. Dereva wa lori la Iringa, mtu mwenye mvi, ameniagiza chai kwa kuniambia shikamoo mwalimu. Herman naye amenitumia ujumbe wa neno moja. Shikamoo. Nimeufuta, kisha nikajuta. Ni ushahidi.

Jumapili, 23 Februari

Nimepiga magoti. Jogoo alinipiga mabawa usoni wakati wote, nikaomba radhi huku nimefumba jicho moja. Nikasema nisamehe Baba, yalikuwa mazoea ya mazoezi, sikukusudia.

Baba alipokea jogoo, akampa Mama. Akanyamaza muda mrefu kuliko Herman. Kisha akasema, mara ya kwanza kwa siku mbili akinitazama mimi, kwamba hakukasirishwa na marahaba. Alikasirishwa na miguu yake. Alikuwa amekuja kukagua kama hapa pana shule au mchezo. Alijiandaa kuona mchezo, hata maneno ya kusema alikuwa nayo tayari. Mimi nikaingia, na miguu ikasimama kabla kichwa hakijaulizwa. Zaidi ya miaka hamsini hajasimama mwalimu akiingia.

Akasema mchezo haumwinui mtu namna ile. Keshokutwa atampeleka Odilia Kilosa.

Odilia alitoka nje mbio, mguu wake ule mbovu ukiwa wa kwanza. Mama alijifanya anamfunga jogoo kamba. Mimi nililia kidogo, kisha nikakumbuka kumkabidhi Baba orodha ya masomo kumi na moja, nakala mbili.

Jumanne, 25 Februari

Wamekwenda Kilosa kwa basi la asubuhi. Sikuchukuliwa. Baba alisema kusajili mtu mmoja hakuhitaji msafara.

Wamerudi saa kumi. Amesajiliwa! Jina lake lipo, nimeliona kwa macho yangu: Odilia Melkizedek. Nikasoma jina mara tatu ndipo nikashuka kwenye masomo. Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Uraia, Historia, Jiografia, Biolojia. Nikageuza karatasi. Nyuma hakuna kitu.

Nikauliza Fizikia iko wapi. Kemia. Kilimo. Fasihi ya Kiingereza.

Odilia akasema alianza safari nayo yote kumi na moja. Basi likapita Zombo, akawa anafikiri. Lilipofika Kilosa alikuwa amebaki na saba. Baba akathibitisha. Alimwona akikata manne kwa mkono wake mwenyewe, na hakuona sababu ya kumzuia, maana atakayekaa kwenye chumba cha mtihani ni yeye.

Kisha Odilia akasema jambo jingine, akiwa ameangalia sakafu. Jumamosi atakuwa anakwenda kwa Herman, Hisabati tu. Ndani, si dirishani. Wakimwita shangazi atawaambia, vizuri, basi nisalimieni kama shangazi yenu.

Nilikaa nyuma ya banda la mbuzi saa nzima. Niliumia kweli. Halafu nikaisoma tena ile nakala, polepole. Ni masomo yake. Yamekaa vizuri yakiwa pamoja, kama mafiga. Hili naliandika hapa tu, Herman asilisikie.

Ijumaa, 28 Februari

Leo majina yamefungwa na letu limo ndani. Asubuhi Odilia alinifundisha mimi, kwa ramani aliyochora mwenyewe, kwa nini mto Mkondoa unafurika. Nilinyamaza dakika tisa.

Alipokwenda kuosha mikono, Baba akaja mezani. Amevua kofia. Alitazama barabarani, akauliza kama huo mtihani wa kusomea nyumbani una mwisho wa umri. Nikasema sijui, ila kusoma hakuna mwisho wa umri. Akasema yeye hana haja na cheti. Angependa tu Kiingereza kidogo, aweze kusoma yale mabango ya hifadhini, na mgeni akimsalimia amjibu. Kiingereza tu, akasema. Akarudia. Tu.

Nilimwambia amefanya uamuzi wa busara. Sikuonyesha furaha yoyote.

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimemaliza rasimu. Kiingereza peke yake hakisimami, kinahitaji Historia. Historia inahitaji Jiografia. Kemia itamsaidia kwenye mbolea, na Fizikia tumeiweka saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaenda shamba. Jumla tisa. Odilia ameiona, akasema dada, amesema Kiingereza tu, nimemsikia kutoka bombani. Nikamweleza kwamba wanafunzi wote wapya husema hivyo, hawajui wanachokitaka.

Kurasa kumi na nane. Nitamwonyesha Jumatatu, baada ya ugali, akiwa ameshiba na hana pa kukimbilia.