Siku za Kugeuza Tope

Jumatatu, 3 Juni
Meneja kaja mwenyewe, hakutuma mtu. Dalili mbaya. Alisimama mlangoni, kitambaa puani, akasema majirani wamelalamika tena kwamba mabwawa yetu ya majitaka yananuka. Ijumaa watakuja kujionea. Wakiondoka na hasira, mimi nahamishiwa kituo cha upande wa pili wa mji, na nyumba hii ya kazi anapewa Fundi Pampu.

Nikamwambia majitaka hayajawahi kunukia. Hakucheka.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na jiko. Kwa mtu mwingine si kitu. Lakini mwenzangu aliishi humu miaka yote ya ndoa yetu, na humu ndimo alimofia, Septemba iliyopita. Ukutani jikoni kuna alama pale alipozoea kuegemea bega akisubiri chai ichemke. Sijaipaka rangi. Fundi Pampu ataipaka siku ya kwanza.

Jioni huyo Fundi kapita na futi ya kupimia. Eti anaangalia upana wa dirisha tu. Kaniuliza kama kitanda nakiacha. Mtu hana haya!

Jumanne, 4 Juni
Mpango! Harufu hufukuzwa na harufu. Nimeweka jiko la mkaa kando ya uzio, nikakaanga vitunguu tangu asubuhi, machozi yananibubujika. Wapita njia wakaanza kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Mmoja aliketi kabisa.

Kisha upepo ukageuka. Jirani yangu dobi, mama mwenye kamba za nguo ng'ambo ya uzio, akaja juu. Anasema mashuka ya watu sasa yananuka choo na vitunguu kwa pamoja.

Shemeji, mdogo wake marehemu, kaja kunijulia hali, akanikuta na mwiko mkononi. Kasema akili za nyumba hii alikuwa nazo dada yake, na amekwenda nazo. Nimecheka. Kweli tupu.

Jumatano, 5 Juni
Nimeamka na jibu. Mwenzangu alikuwa akinitilia kipande cha sabuni ya kunukia mfukoni mwa sare, nisiwakere watu njiani. Kama kipande kinamtosha mtu mzima, ndoo mbili zinatosha bwawa!

Shemeji hutengeneza sabuni ya maji ya kuuza. Nikamdanganya nataka kufua mapazia. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Kanipa ndoo ya waridi na ndoo ya ndimu, hataki hata senti.

Alasiri nikazimimina zote kwenye bwawa la hewa. Hili ndilo lenye mashine ya kupuliza hewa kutoka chini, ili wadudu wasioonekana kwa macho wapumue na kula uchafu. Papo hapo pakanukia kama bibi harusi. Nikajifuta mikono. Ushindi!

Alhamisi, 6 Juni
Povu.

Mashine ilipuliza usiku kucha. Asubuhi bwawa halionekani, pana mlima mweupe unaohema. Ulikuwa umeshapanda uzio, ukashuka upande wa pili na kumeza kamba za dobi pamoja na nguo zake zote. Watoto waliukimbilia, mama zao wakawavuta kwa masikio. Mbuzi wa mtu aliingia humo. Tukawa tunamsikia tu.

Fundi Pampu akazima mashine. Hapakuwa na njia nyingine. Ila mashine ikizimwa wadudu hukosa hewa, na wadudu wakikosa hewa uchafu unaoza ovyo. Alinieleza hayo taratibu, kama mtu aliyekaa kando ya mgonjwa. Halafu akauliza tena habari za kitanda.

Ijumaa, 7 Juni
Harufu ya leo sijakutana nayo tangu nianze kazi. Meneja alikuwa na vitambaa viwili. Majirani wakaingia, dobi mbele.

Nilikuwa nimejiandaa kusingizia upepo. Nilipofungua mdomo yakatoka yote: vitunguu, sabuni, nyumba, alama ya bega ukutani. Fundi Pampu akawa anatazama viatu vyake.

Dobi akaniuliza kama najua walianza kulalamika lini. Nikasema mwaka huu.

"Tulianza alipofariki mkeo, baba," akasema. "Harufu ilikuwepo siku zote. Ila yeye alikuwa anakuja uzioni jioni, anatuambia kesho wanageuza tope. Tunaanua nguo, tunafunga madirisha, maisha yanaendelea. Wewe hujawahi kutuambia kitu."

Tope ndilo linalobaki chini ya mabwawa. Tunalitoa, tunalitandaza juani likauke, na siku ya kuligeuza ndipo linanuka hasa. Miaka yote hiyo nilidhani mwenzangu anakwenda uzioni kupiga soga.

Meneja kaamua nibaki na nyumba. Sharti: kila tunapotaka kugeuza tope, nipite nyumba kwa nyumba niwaarifu watu mapema. Na mikono yangu ikae mbali na ndoo. Fundi Pampu kanipa mkono. Ulikuwa mzito, lakini kanipa.

Jumanne, 11 Juni
Nimepita kuwaarifu. Nilidhani ni kazi ya kusimama mlangoni na kuondoka. Dobi kanisogezea kigoda, kanimiminia chai. Kumbe kuna siku mvua ilinyesha naye hayupo, mwenzangu akamwanulia nguo zote na kuzikunja vibaya kiasi kwamba ilibidi zipigwe pasi upya. Sikuwa na habari. Kinyozi naye kaniambia mwenzangu alikuwa akimtania kwa jina la "daktari wa vichwa". Sikuwa na habari na hilo pia.

Nimerudi giza limeingia. Nilidhani mambo ya mwenzangu nimeshayajua yote.

Jumatano, 12 Juni
Tope limegeuzwa. Madirisha yamefungwa, kamba tupu, hakuna aliyelalamika. Tutageuza tena mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi! Mbali hivyo!

Jumamosi, 15 Juni
Mpango mpya. Hauna ndoo, kwa hiyo sharti liko palepale. Jana jioni nimepita nyumba zote nikawatangazia kwamba leo tunageuza tope. Hatugeuzi. Chai ilikuwa nzuri. Nimesikia mwenzangu alivyomtania fundi viatu mpaka akamtengenezea kandambili bure.

Leo jua kali, kamba za dobi hazina hata soksi, watu wanatoka jasho nyuma ya madirisha. Mchana dobi kachungulia uzioni, kauliza mbona hakuna harufu. Nikamjibu wadudu wamepata nguvu. Kanisifu, kisha akaenda kunisifu kwa Meneja. Meneja kafurahi sana. Jumatatu analeta wakubwa wake waje kuona tope linavyogeuzwa bila kunuka.

Hilo nitalitafutia mpango kesho. Jioni hii sina nafasi. Nasikia hata mtaa wa pili mwenzangu alikuwa na watu wake, na hao bado sijawatangazia.