Kirusi Kilichotarizi Maua

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Siku njema kuliko zote tangu nianze kazi katika karakana ya kutarizi ya Shangazi. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, nikitazama jinsi jua la dirishani linavyopita kwenye bobini za uzi na kuacha rangi sakafuni. Bluu ikatambaa taratibu hadi kwenye kiatu changu. Nikaiacha. Mara, kisanduku chekundu kwenye skrini! Antivairasi imekamata kirusi. Jina lake: Kushona. Nikasoma nusu ya ujumbe. Nusu iliyobaki ilikuwa maandishi madogo, na maandishi madogo hunitia usingizi.

Nikabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote. Kirusi kikatoweka.

Nikasimama, nikatangaza kwamba nimeiokoa karakana. Shangazi akaweka mkono kifuani, akashukuru. Binamu, bintiye anayeendesha cherehani, aliuliza tu ni faili gani hilo. Wivu huo. Anakimezea mate kiti hiki tangu zamani.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Cherehani iliyounganishwa na kompyuta imegoma. Inawaka, inanguruma kwa upole, haishoni. Kwenye fremu kuna shela ya bibi harusi, maua yameishia nusu. Inachukuliwa Ijumaa. Mama wa bibi harusi ni rafiki wa Shangazi wa kufa na kuzikana, na ameahidiwa.

Nikaeleza kitaalamu: kirusi kimeacha mabaki. Shangazi akauliza kama yanaambukiza nguo. Sikuwa na hakika. Nikasema, kwa kiasi. Basi akaipangusa cherehani kwa spiriti kuanzia sindano hadi miguuni, akaniagiza nikaianike shela juani, uani. Nikaianika, nikakaa chini yake. Upepo ukaiinua na dunia yote ikawa nyeupe. Nikajiona nimevaa suti, nakabidhiwa cheti, watu wananipigia makofi yasiyo na sauti. Niliamka saa kumi, shingo imekakamaa.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Siku mbaya. Binamu ameeleza mbele ya washonaji wote kwamba Kushona si kirusi. Ni programu aliyoitengeneza marehemu baba yake, mume wa Shangazi. Unachora ua, yenyewe inaligeuza kuwa mishono ambayo cherehani inaielewa. Miaka yote hii tunakula kwa hiyo. Antivairasi iliyosasishwa juzi imeishuku kwa sababu hakuna mwingine duniani aliye nayo. Imeona sura ngeni inayoamrisha mashine, ikapiga kelele za mwizi. Kengele ya uongo, basi.

Nikajibu kwamba kengele ya kisasa haiwezi kusema uongo. Sikujua Shangazi amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Ile ni kazi ya mkono wa mume wangu," alisema. "Umeifuta, mwanangu?"

Nikasema ndiyo, lakini kwa nia njema. Akatoka, akaenda kukaa uani peke yake. Sijawahi kuona aibu kama ya leo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ikiwezekana sehemu yenye kivuli.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Nimeamka na mpango! Nitaunda programu mpya mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Nikafungua ukurasa mtupu. Nikaandika: Shona. Nikangoja. Ukurasa mtupu una utulivu wake. Ukiukazia macho unaanza kutikisika kidogo, kama maziwa ndani ya bakuli. Nikaongeza: Tafadhali.

Binamu akaomba nimpishe dakika tano. Akafungua antivairasi, akaingia sehemu ya karantini. Mle ndani, nzima kabisa, Kushona imelala! Kumbe kitufe changu hakikufuta kitu, kilifungia tu. Shangazi akakaa chini ghafla.

Binamu hakuirudisha papo hapo. Alituma nakala kwanza kwa watengenezaji wa antivairasi waikague. Nikamwambia anajipotezea muda. Saa nane wakajibu: programu ni salama, kosa ni letu, tunaomba radhi. Ndipo akairudisha, akaielekeza antivairasi iiruhusu hiyo moja tu. Hiyo moja tu, alirudia, akinitazama mimi badala ya kompyuta. Nakala nyingine akaitia kwenye flashi, na Shangazi akaifungia mkobani mwake.

Cherehani ikaanza kazi. Ua likafuata ua, polepole, na sauti yake ilijaa chumbani kama mvua juu ya bati. Shangazi aliweka kiganja juu ya mashine ikitetemeka, akatabasamu huku machozi yakimtoka. Nami nikalia. Nilifurahi kweli, bila hila yoyote, kwa muda mrefu kiasi.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Shela imechukuliwa. Mama wa bibi harusi amemkumbatia Binamu mara tatu. Mimi nimepewa mkono. Lakini nani aliyeianika?

Shangazi ameniita kando. Amenisamehe, mimi ni damu yake. Lakini kompyuta sasa ni ya Binamu, na mimi nitakata nyuzi zinazoning'inia. Kompyuta nisiiguse tena. Nikaapa.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Wote wako harusini. Nimeachwa kulinda karakana. Kimya kitamu. Nimekaa kwenye kompyuta kidogo tu, ili isijihisi mpweke.

Barua pepe imeingia. Mtu nisiyemjua ananiita rafiki mpendwa na ameniambatishia zawadi. Nikaifungua. Antivairasi ikawaka nyekundu: hatari kubwa, usiendelee! Juzi ningetetemeka. Leo nimekomaa. Maskini, imeona sura ngeni tu, ikashtuka. Nikaihurumia, nikabonyeza Ruhusu.

Na sasa, ajabu! Mafaili yanabadilisha majina yenyewe, moja baada ya jingine, herufi ndefu nisizozielewa, taratibu, kama watu wanaovaa nguo mpya mmoja mmoja. Sijagusa kitu. Hatimaye tumepata kompyuta inayojipanga yenyewe! Kisha ukaja ukurasa mweusi unaotaka dola elfu mbili zilipwe, nadhani kwangu, na wenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Bila shaka ni muda uliobaki kazi ikamilike. Siku tatu. Sitamwambia Shangazi kitu mpaka imalize.