Pointi ya Bure

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimefika Lamadi. Hoteli iko ufukweni, ziwa mbele, Serengeti nyuma. Wageni wanapiga picha mpaka ngedere. Mimi sikuja kutalii! Haya ni Mashindano ya Wazi ya Kimataifa ya Sataranji, na mimi Malimi, mwenyekiti wa chama chetu cha Simiyu, nimekuja kulinda kiti. Kanuni nimeitunga mwenyewe: mwanachama atakayewapita wenzake hapa ndiye mwenyekiti. Josia kinyozi anakimezea mate. Kaja na suti. Suti! Utadhani anakwenda kuposa.

Mkakati wa kesho: salamu. Kila mchezaji ana dakika zake kwenye saa, zinakatika zamu yake ikifika, mpaka acheze na kuibonyeza. Mpinzani wangu ni mtu wa Ufini, mpole. Nitamsalimu Kisukuma, ukoo mzima, hadi ng'ombe. Dakika zitamwishia akiitikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefungwa. Nilianza na mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, Mfini akaitikia vizuri, mkono kifuani, akauliza na habari za mvua kwa Kiswahili cha kuokoteza. Nikamweleza, na pamba pia. Ndipo mwamuzi akanionyesha saa. Nilikuwa sijaibonyeza. Dakika zilizokuwa zikikatika ni zangu! Josia kashinda. Kapita mezani kwangu akanipa pole, ile "mwenyekiti" akaivuta weee. Sangara wa chakula cha jioni nimemwacha sahanini.

Jumamosi, 16 Agosti

Mungu si Athumani! Leo hakuna mechi, na kesho nimepangiwa mama mkwe! Mama Specioza wa Malampaka, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanachama wetu pia. Basi lake liliharibika jana, akakosa mechi, kwa hiyo naye ana sifuri kama mimi. Sasa, kwetu mwanaume na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawaketi meza moja. Atajitoa tu. Pointi ya bure! Asije akasahau, nimempigia mke wangu Kabula amkumbushe mila. Kabula anasema mama kashukuru sana, mila ataifuata. Nimejiagizia soda mbili.

Jumapili, 17 Agosti

Alikuja. Akageuza kiti, akanipa mgongo, akajitanda khanga, akamwomba mwamuzi amsogezee kete. Akawa anataja tu: farasi pale, malkia hapa. Ubao hakuutazama hata mara moja! Hatua ya kumi na tisa, mfalme wangu hana pa kukimbilia. Watalii wakasimama kupiga makofi. Aibu niliyoipata! Nipinge nini sasa? Mila kaifuata, na niliyemkumbusha ni mimi. Nikasema asante mama, nikiongea na sakafu.

Mchana akamfunga Josia, ambaye asubuhi naye alikuwa amefungwa, uso kwa uso. Suti ililowa jasho. Hilo tu ndilo lililonifariji. Jioni wametangaza: katika wanachama wote wa Simiyu, Mama Specioza ndiye wa juu. Kanuni ni kanuni. Mwenyekiti mpya huyo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudi Bariadi. Kabula anacheka jikoni, akiniona anajifanya anakohoa.

Acha acheke. Kosa nimeliona: mkwe hakuwa yule. Mwakani namwandikisha baba mkwe, Mzee Constantine. Huyo hawezi kunipa mgongo, na mzee wa Kisukuma akisalimiwa lazima aitikie mpaka mwisho. Safari hii saa nitaibonyeza. Kabula anadai mzee ndiye aliyemfundisha mama kucheza. Huyu mwanamke kwa kutia chumvi! Fomu ya mzee nimeshaijaza.