Gemu Zimechacha na Mama Hajarudi Usagara

Pasiansi, Ilemela,
Mwanza.
Jumatano.

Kwa Mzee Shigela,
Mjumbe wa Baraza la Wazee,
Usagara, Misungwi.

Baba Mkwe,

YAH: KUCHACHA KWA GEMU ZA RUNINGA, NA OMBI LA KURUDISHWA KWA MAMA MKWE

Kwanza shikamoo. Pili, isome barua hii ukiwa umekaa. Si barua ya msiba. Hakuna aliyekufa isipokuwa kwenye runinga, na hao nitawaeleza katika lalamiko la pili.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu mambo ya ukweni hayatatuliwi kwa simu. Salio linakata, mtu anapandisha sauti, heshima inapotea. Anayekuletea ni Ngosha, dereva wa kigari cha kirikuu kinachopeleka barafu yetu kwa wauza samaki wa huko.

Unakumbuka Mama alikuja Pasiansi kumlea Selina baada ya kujifungua. Jina lake silitaji, kama mila inavyotaka. Tulikubaliana siku arobaini. Leo ni siku ya tisini na sita. Sina lalamiko juu ya malezi: Selina amenawiri, na mtoto wetu Rose ana mashavu mpaka wauguzi wa kliniki wanaitana waje kumwona. Ninacholalamikia ni sebule.

Ni wewe uliyenikalisha chini siku ya mahari ukanifundisha kwamba mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, hali naye, hampi mkono wala hamtazami usoni. Nimelishika neno lako. Mama alipoingia sebuleni, mimi nilitoka. Sikujua kwamba yeye hatatoka. Runinga imo humo, mashine ya gemu imo humo, na mimi mwenye nyumba, fundi wa majokofu mwenye cheti cha ufundi, nakula ugali wangu uani juu ya jokofu bovu la mteja.

Selina ndiye aliyempa mama yake pedi ya kuchezea, ati anyooshe vidole baada ya kufua nepi. Tangu siku hiyo Mama amezipitia gemu zangu zote, moja baada ya nyingine, na kuzitolea hukumu. Kwa kuwa mimi na yeye hatuongei, hukumu hizo hunifikia kupitia Rose. Mama humwambia mtoto kwa sauti ya kutosha, mimi nasikia dirishani, kisha nami namjibu mtoto. Kwa hiyo Rose ana miezi mitatu na tayari ana msimamo juu ya kila gemu iliyotoka mwaka huu.

Hoja yangu ni fupi. Chakula kikichacha, mgeni hushukuru akaaga. Gemu zimechacha, kama nitakavyothibitisha. Basi Mama aage. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Gemu za mpira. Nimekuwa nikisema kwa miaka sita kwamba gemu ya mpira ya mwaka huu ni ile ya mwaka jana iliyovalishwa jezi mpya. Nimelisema kazini, nimelisema kanisani tukingoja kwaya ipange mistari, hakuna aliyenisikiliza. Mama alihitaji siku nne. Nilimsikia akisema, "Rose, mwambie baba yako huyu refa ni yuleyule, na kosa lake ni lilelile." Baba, nilitaka kupiga makofi. Lakini mkwe hachekeani na mama mkwe, kwa hiyo nilikwenda nyuma ya choo nikacheka peke yangu, jambo ambalo jirani yetu Shimba aliliona na hadi leo ananiangalia kwa huruma.

2. Gemu za wafu wanaotembea. Hizi ni nyingi kuliko dagaa. Kila kampuni ina wafu wake, wote wanayumba vilevile, wote wanataka kung'ata. Mimi nasema zimechacha kwa wingi. Mama anasema zimechacha kwa kukosa adabu, na hapa ndipo tulipoanza kubishana. Kwa maelezo yake kwa Rose, wafu wa kwetu wakirudi wana neno: kaburi halijajengewa, au jina halijapewa mtoto. "Hawa hawadai kitu. Wanatembea tu. Marehemu gani hana dai?" Aligoma kuwapiga risasi mpaka waseme shida yao. Alisimama mbele yao na bunduki ameishusha, akawauliza kwa Kisukuma, kwa heshima zote. Aliliwa mara kumi na saba. Nilimjibu mtoto kwamba gemu haikuundwa kwa ajili ya maswali. Mtoto akaambiwa ndiyo maana haifiki popote.

3. Gemu za kilimo. Nakiri hii niliitafuta mwenyewe, kwa hila. Nilidhani akiona ng'ombe atakumbuka nyumbani na kuanza kuulizia gari la Usagara. Ng'ombe wa humo wanakamuliwa kwa kubonyeza kitufe. Hawana kupe, hawaingii shamba la jirani, hakuna shemeji anayekuja kuazima dume akakaa nalo miaka miwili. Mama alisema huo si ufugaji, ni bomba la maziwa lenye pembe. Nikafurahi, nikajua imemchosha. Kesho yake alikuwa na ng'ombe arobaini na amewapa majina ya ukoo. Dume asiyesikia anaitwa Luhende. Nilimsikia akimwambia Rose kwamba Luhende hana ubaya, ila anataka kuitwa mara mbili.

4. Gemu za dunia pana. Humo unaambiwa wewe ni shujaa, ufalme unaangamia, kimbia. Hujapiga hatua tatu, mzee anakuomba umletee uyoga kumi. Mwingine kapoteza kuku. Mwingine ana barua ya kumpelekea dada yake mlimani. Ramani imejaa alama kama ngozi ya mwenye surua. Wenye gemu wanaita huo uhuru. Mimi nauita kazi za kutumwa, nami kutumwa natumwa kazini na nalipwa. Lakini Mama hawezi kumkatalia mtu mzima. Kila anayemwomba anamtimizia, na asiyeomba anamsogelea amuulize kama hana haja. Amecheza wiki tatu na hajatoka kijiji cha kwanza. Ufalme umeshaangamia, naamini. Tena anakwenda kushoto wakati kuku yuko kulia, ng'ambo ya daraja, na mimi niko dirishani nimegeuza mgongo kwa heshima, nikiona kila kitu kwenye kioo kidogo cha kunyolea. Hayo ni mateso, Baba. Sikuwahi kuyasoma katika mafundisho ya ndoa.

5. Gemu za kisiwa. Hili ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike kwa Baraza.

Watu mia wanashushwa kisiwani wauane mpaka abaki mmoja. Ilipotoka ya kwanza tulishangaa. Sasa kila gemu ina kisiwa chake. Sijui kama imebaki gemu ya kupika chapati isiyokuwa na watu mia wanaoruka kwa mwavuli. Imechacha, na ningekwisha kuiacha, lakini ndiyo pekee inayoingia kwenye simu yangu, na mimi niko uani. Nilikuwa nacheza kila jioni baada ya kazi, nimevaa jina la Fundi Barafu Pasiansi. Siku moja gemu ikauliza kama nataka mwenzi aliye karibu. Nikakubali. Nikapewa mtu anayeitwa Ng'ombe Arobaini.

Najua unachofikiri. Lakini huku kwetu, nani hana ng'ombe wa kujitapia?

Baba, sijawahi kupata mwenzi kama huyo. Nikianguka, ananiinua. Nikiishiwa bandeji, ananiachia zake mlangoni. Hakuwahi kunitangulia kwenye sanduku lenye silaha nzuri. Alisimama pembeni mpaka nichague. Wiki mbili tulicheza hivyo. Ijumaa iliyopita nilipigwa nikaanguka, nikamwona kasimama anaokota vitu, nikaandika kwa hasira: "Wewe mzee, miguu imeoza? Njoo uniinue!"

Dirishani nikasikia: "Rose, mwambie baba yako miguu haijaoza. Nilikuwa namwokotea bandeji."

Nililala kifudifudi juu ya lile jokofu. Simu ikaniambia nimeinuliwa.

Nimefanya hesabu ya makosa yangu, nayaleta mbele yako bila kuficha. Nimemtukana mama mkwe miguu. Nimeguswa naye mara kumi na moja, kwa kuwa katika gemu hiyo aliyeanguka huinuliwa kwa mkono, nami nimemgusa mara nne. Tumejificha wote wawili katika handaki moja, tena jembamba. Sijui alijua tangu lini. Jina langu liko wazi, na mafundi barafu wa Pasiansi hawafiki watatu. Nahofia alijua tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo naomba Baraza liamue: je, kuguswa ndani ya gemu ni kuguswa? Je, handaki ni chumba? Na tusi lililoandikwa na mtu aliyepigwa risasi linatozwa mbuzi mzima, au kuna nafuu? Nikipewa jibu nitalipa. Na ili makosa yasiongezeke, naomba Mama aitwe nyumbani kabla ya mwisho wa wiki. Sebule irudi kwa mwenye nyumba, mila irudi mahali pake, na mimi nile ugali mezani kama mwanaume mwenye mke.

Wasalimie shangazi na watoto wote wa boma, msalimie Mzee Revocatus na mguu wake, na majirani walioturushia mahindi siku ya harusi. Selina anawasalimu. Rose angewasalimu, ila amechoka kutumwa maneno.

Wabeja sana. Ndimi mkweo ninayejitahidi kuwa na adabu,

Luhende.

N.B. Baba, Ngosha ameshawasha gari na barafu haingoji, kwa hiyo siwezi kuandika upya. Nilipomaliza kutia sahihi, Selina alikuja uani akaniambia Mama amefunga begi. Amesema nyumba ambayo mwenyewe anakula nje imeelemewa na mgeni, na kwamba ataondoka Jumamosi bila kusumbua mtu. Selina akaniambia na jambo jingine ambalo sikulijua. Anasema mchana kutwa Mama haigusi ile mashine. Anakaa na mtoto, anasubiri, na haiwashi mpaka asikie nimeweka sanduku la vifaa chini, nimefika.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Tangu hapo hakuna mtu aliyenisubiri nirudi ili aanze kitu.

Yote niliyoandika hapo juu yafute. Gemu hazijachacha hata moja. Nimekata mti wa pazia, naning'iniza shuka katikati ya sebule: yeye upande wake, mimi upande wangu, runinga mbele yetu, na hakuna atakayemwona mwenzake. Ukiona mila hairuhusu, nitoze mbuzi wa hilo pia. Ila nakusihi, Baba, mtumie Mama neno kabla ya Jumamosi, mwambie abaki. Ningemwomba mwenyewe, lakini mimi na yeye hatuongei.