Kakao Isiyo Sukari na Vijiko Vyangu Arobaini

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni na Afya,

Salamu na heshima zote zinazostahili kalamu yako. Mimi ni seremala, msomaji wenu wa miaka mingi, ingawa nakiri kwamba kabla ya mkasa huu ukurasa wenu niliutumia zaidi kutandika mezani ninapopaka vanishi. Nakuandikia kwa adabu, nikiwa peke yangu jikoni, kulalamikia kinywaji mlichokichapisha kwa jina la "Kakao ya Moto: Sukari Hakuna, Wanga Kidogo, Furaha Tele." Wanga ni kidogo, sina ubishi. Sukari kweli haimo. Ninachokidai ni hiyo furaha tele, maana hivi sasa mke wangu amehamia chumba cha cherehani na godoro lake, na hanisemeshi.

Ili unielewe, sina budi kukueleza desturi ya nyumba hii. Mimi na mke wangu hatujawahi kuombana radhi kwa mdomo. Si kwamba hatukoseani. Tunakoseana kama watu wote walio hai. Ila tangu tuoane, aliyekosa huingia jikoni jioni akampikia mwenzake kikombe cha kakao, na ukubwa wa kosa huonekana kwenye sukari. Kijiko kimoja: nimechelewa kurudi. Viwili: nimesahau ulichonituma. Vitatu: nimekujibu vibaya mbele ya watu. Vinne: nimemsema mama yako. Aliyekosewa huonja, hutikisa kichwa, hunywa mpaka tone la mwisho, na yameisha. Hakuna hotuba, hakuna machozi, hakuna kuitana vikao. Tumelea watoto na kuwaoza kwa njia hiyo. Vitano havijawahi kutiwa na mtu.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu alikwenda kupimwa, ikaonekana sukari imepanda. Daktari akamuuliza anaitoa wapi sukari yote hiyo, ilhali chai yake hatii kitu na soda hagusi. Mke wangu ni mtu mkweli. Akajibu, "Ni mume wangu, daktari. Kila akinikosea." Daktari akaandika neno moja tu, "Apunguze," wala hakufafanua kama ni sukari au mume.

Haya nimeyapata kwa shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Hakimu. Yeye ndiye aliyemsindikiza. Mimi sikwenda, nilikuwa na mlango wa mteja wa kupachika, na nilishamwahidi. Naomba ulishike hilo akilini kidogo, kwa kuwa ndilo kosa lenyewe lililozaa kikombe. Nililipima kwa haki kabisa, nikaona halizidi vijiko vinne. Ni sawa na kumsema mama mkwe, tena kwa sauti ya chini.

2. Hapo ndipo mlipoingilia ninyi. Hakimu alileta ukurasa wenu akaubandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, kabati nililolichonga kwa mikono yangu, akatumia gundi yangu ya mbao, kwa hiyo haubanduki. Kila asubuhi natazamana na yule mama wa kwenye picha yenu, ameshika kikombe, anacheka peke yake. Nimemchunguza sana. Hakuna anayecheka vile kwa kakao isiyo sukari isipokuwa amelipwa. Tena chini ya picha mmeandika, "Familia yako haitagundua tofauti." Familia imegundua, ndugu yangu. Familia imegundua mpaka imehama chumba.

Halafu mkaandika kwamba hata maziwa ya ng'ombe tuyapunguze, eti nayo yana sukari yake. Jamani, ng'ombe wa watu! Sukari hiyo nani kamtilia?

3. Pamoja na hayo, nilifuata maagizo yenu neno kwa neno. Nilichukua kakao ya unga isiyotiwa kitu, nikaimwagia maji ya moto kidogo, nikaiponda mpaka ikawa laini, bila donge hata moja. Gundi ya unga nayo huanza hivyo hivyo, kwa hiyo hapo sikuhitaji mwalimu. Nikaongeza tui zito la nazi, chembe ya chumvi, mdalasini kidogo. Moto mdogo, mkono haupumziki, nisiiache ichemke. Ilinukia, sitasema uongo. Mpaka hapo ilikuwa kazi safi. Ndipo nikafika kwenye mstari wenu wa mwisho: "Malizia kwa unga wa utamu usio sukari, kiasi upendacho."

Kiasi upendacho! Mteja akiniambia nimchongee dirisha kiasi nipendacho, mvua itamkuta kitandani. Fundi hupima mara mbili akakata mara moja. Ninyi huko ofisini mnapima lini? Mimi nilikuwa na kosa la vijiko vinne, kwa hiyo nilitia vinne. Mtu yeyote mwenye heshima angetia vinne.

4. Pakiti ya unga huo, niliyouziwa na mwenye duka wa hapa kona, ina maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Nilipovaa miwani, maji yakiwa yameshamwagika, nikasoma kwamba kijiko kimoja chake ni sawa na kumi vya sukari. Nilimrudia mwenye duka. Akanijibu huku anakula karanga, "Mzee, si ungeuliza?" Nami nakuuliza wewe: seremala akinunua misumari, huuliza ina utamu kiasi gani?

Piga hesabu mwenyewe. Nilimpelekea mke wangu vijiko arobaini.

5. Arobaini, ndugu Mhariri, katika nyumba ambayo vitano havijawahi kutiwa! Alionja mara moja. Akakiweka kikombe mezani taratibu, akasema, "Baba watoto, umefanya nini?" Nikajibu sijafanya kitu. Mdomo uliponza kichwa, maana ni nani anayeleta arobaini kwa ajili ya kutofanya kitu? Alikunja godoro.

Kesho yake Hakimu akafika. Aliagiza kikombe kiletwe kama kilivyo, akaonja, akatema kwenye sinki, akatoa hukumu: utamu wa namna ile hauwezi kuwa chini ya mke wa pili, tena mwenye mtoto. Nikajitetea. Akasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Tangu siku hiyo nakaguliwa. Mifuko yangu imepekuliwa, ikakutwa na penseli na vumbi la mbao. Karakana imeingiliwa, na kitambaa cha maua ninachosugulia vanishi kimetwaliwa kuwa ushahidi. Kitambaa chenyewe ni kipande cha gauni kuukuu la mke wangu, alilolishona yeye mwenyewe. Mke wangu aliletewa, akakitazama pande zote mbili, akarudi kushona. Mwanamke wa watu aliyekuja kuulizia stuli yake aliulizwa na Hakimu kama anapenda kakao. Alisema anapenda. Stuli hiyo mpaka leo hajaifuata.

6. Nilijaribu kusahihisha. Niliwaza hivi: kama utamu ndio ulioniingiza, uchungu utanitoa. Nikapika kikombe kingine kwa maagizo yenu yale yale, bila unga wowote, kichungu kama shubiri, nikakipeleka mlangoni pa chumba cha cherehani. Kumbe nimejichimbia shimo jipya. Kwa desturi yetu kikombe kisicho na kijiko kina maana moja tu: sina kosa, na kama lipo ni lako. Nilimsikia Hakimu ndani akisema, "Umeona? Hata hajutii!"

7. Mwenye duka, baada ya kuona ameniharibia, alinishauri niseme tu "samahani" kama watu wengine. Nilijaribu hilo pia. Nilisimama mlangoni, cherehani likanyamaza, nikafungua mdomo. Nilianza na "Sa," nikamalizia na "saa ngapi sasa?" Akanitajia saa. Ndiyo maongezi yetu pekee wiki hii.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu mkubwa: mchapishe masahihisho ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, kwamba utamu wa vijiko arobaini si ushahidi wa mke wa pili. Mtoe jedwali rasmi la kubadili vijiko vya sukari kuwa chembe za unga huo kwa kila aina ya kosa, lipitiwe na wataalamu na angalau mama wakwe wawili. Kisha wewe mwenyewe, Mhariri, ufike hapa nyumbani, ukae mbele ya Hakimu, unywe kikombe cha arobaini mpaka tone la mwisho, halafu uape kwamba huna mke wa pili. Ukishindwa, ukurasa ufungwe. Hilo likiwa gumu, lifungwe gazeti, maana kurasa zingine nazo sijazikagua.

Na kama yote hayo hayawezekani, basi mmwombe daktari ampe mke wangu ruhusa ya vijiko vinne vya sukari halisi, mara moja tu, nimalize kesi hii kwa njia ninayoijua. Sitamkosea tena baada ya hapo. Atakayekuwa anakosa ni yeye peke yake, nami nipo tayari kunywa chochote atakacholeta.

Najua ninachokiomba. Baba yake aliondoka na ugonjwa huu huu, ukaanza na kidole cha mguu. Naogopa, ndugu yangu, na sioni haya kukwambia. Nikimwona amevua viatu natazama miguu yake kabla ya kumtazama usoni. Lakini naogopa pia kukaa hivi, yeye kule na cherehani lake, mimi huku na sufuria, ukuta mmoja kati yetu, na sijui nimwambie nini.

Nisalimie wahariri wenzako wote, na mpiga picha wenu, na wapanga kurasa. Yule mama wa kwenye picha mwambieni aache kucheka, hali ni mbaya. Nisalimie na mkeo, kama bado mnasemeshana.

Ni mimi, kwa heshima na vumbi la mbao,
Fundi Pima-Kwanza
(ndivyo wanavyoniita mtaani, wala usicheke)

Nyongeza: Barua hii usiichapishe. Bahasha zetu hukaa chumba cha cherehani, kwa hiyo ilinibidi kubisha hodi. Mke wangu akauliza namwandikia nani, akainyakua, akaisoma yote amesimama, pini zikiwa mdomoni. Alicheka pale kwenye mama wa picha. Kwingine hakucheka. Alipomaliza akatoa pini akaniambia alijua tangu onja la kwanza kwamba ule ni unga wa dukani. Pakiti alishaisoma siku ilipoingia humu ndani. Mke wa pili hakumwamini hata kidogo, hayo ni ya Hakimu na mdomo wake. Nikamuuliza, sasa godoro limehama kwa nini? Akasema siku ile kwa daktari alikuwa anautazama mlango wa kuingilia, kila ukifunguka anadhani ni mimi. Akaitwa ndani kusomewa majibu, akatafuta mkono wa kushika, akashika wa dada yake. Nikamwambia kosa hilo nililipimia vijiko vinne. Akasema, "Ndiyo, nimesoma. Mimi ulipoleta arobaini nilidhani kwa mara ya kwanza umepima sawasawa."

Nimemwambia samahani. Ilichukua muda na ilitoka vibaya, lakini ilitoka. Kwa hiyo, ndugu Mhariri, msisahihishe kitu, kipimo chenu hakikuzidi. Alhamisi anarudi kwa daktari, na safari hii Hakimu atabaki nyumbani.