Mstari Mwekundu wa Lubunga

Mto ulipoanza kulamba kuta za Lubunga, watu wenye akili walihamisha magodoro. Carlos wa Makiso, mtaa wa ng'ambo ya pili, ambaye jasho la kazi alilisikia kwa watu tu, alitafuta kopo la rangi nyekundu, akaazima koti la mafundi wa barabara, akavuka.

Shida yake haikuwa ndogo. Jumamosi alitakiwa afike kwa baba yake Fanny na mahari: mbuzi, majogoo na kapu la samaki wakavu. Asipofika, Fanny angepewa mchumba mwingine, kijana ambaye Carlos hakujisumbua kuuliza ni mtoto wa nani. Na tuseme haki: Carlos alimpenda Fanny kwelikweli. Mengine yote aliyosema maishani yalikuwa uongo.

"Mimi ni expert wa hatari," alimwambia Papa Yakubu, mwenye nyumba ndefu ukingoni. Akapiga mstari ukutani, usawa wa kifua. "Maji itafika hapa. Lakini tukizungumuza muzuri, mustari inaweza kushuka."

Alingoja mzee atetemeke. Mzee alinuna.

"Kifua tu? Mafuriko ile ingine, bale ba maji ya magoti balipewa musaada ya sabuni. Bale ba kifua, muchele. Pandisha, mutoto yangu. Pandisha mupaka dirisha!"

"Papa, maji ikifika dirisha utakufa."

"Bon, nitakufa na mafuta ya kupikia. Pandisha!"

Carlos aliinamisha kichwa, kwa heshima ya tamaa iliyozidi yake. Kisha akaeleza kwamba kupandisha ni kazi ngumu kuliko kushusha, na Papa Yakubu akaenda kufungua mbuzi.

Habari ilikimbia. Mama Claudine alileta jogoo, akataka mstari uupite wa jirani. Jirani akaleta jogoo wa pili na kapu la samaki wakavu. Kufika alasiri, Carlos alikuwa juu ya bati la mtu akipaka rangi. Kwa kipimo hicho kanisa kuu la Makiso nalo lingezama, ila huko hakuna aliyetoa jogoo. Mbuzi, kwa kuchoka kungoja, alichovya ndevu kwenye kopo.

Mama Angèle, mwenye pirogi, mtumbwi wa kuvushia watu, alikuwa akitazama yote hayo huku akitafuna karanga. Carlos alipomaliza kupakia mali yake humo, mama akauliza kwa unyenyekevu:

"Expert, na pirogi yangu? Hatari yake iko wapi?"

Sifa ni ugonjwa. Mbele ya umati, Carlos aliinama akapiga mstari ubavuni mwa pirogi. "Maji isipite hapa, mama. Ikipita, munazama."

Mama akapanda pirogi, ikadidimia. "Aksanti. Alors angalia: imeshapita."

Kweli, mstari ulikuwa unaoga. Umati ukashtuka. "Expert mwenyewe amesema!" alipaza Papa Yakubu. Carlos angekana mstari ule, angekuwa amekana yote, na mbuzi angerudi kwa mzee. Samaki wakashushwa. Majogoo wakashushwa. Mbuzi alishuka mwenyewe.

"Usiogope," Mama Angèle alimwambia. "Wewe kwanza. Vitu nitaleta safari ya pili."

Carlos alingoja bandarini Makiso mpaka mbu wakamchoka.

Jumamosi alikwenda kwa kina Fanny mikono mitupu, ulimi umenolewa. Uwanja ulijaa nyimbo. Kwenye kiti cha heshima alikaa Mama Angèle, na kando yake mwanawe Papy, suti imempendeza. Kwenye mpapai alifungwa mbuzi mwenye ndevu nyekundu. Mbuzi alipomwona Carlos, alilia kwa furaha na kuvuta kamba.

"Kumbe mbuzi huyu anakujua?" baba yake Fanny aliuliza.

Carlos, ambaye uongo haujawahi kumwishia, alitafuta hata mmoja akakosa.

"Karibu, expert," alisema Mama Angèle, akimsogezea kibao. "Ikala. Hapa maji haifike."

Fanny akacheka. Alicheka vizuri sana, kichwa nyuma, kama Carlos alivyompenda, na mkono wake ulikuwa kwenye bega la Papy.